Mjamzito kakubali upasuaji, mjomba hajafika: saini ya nani inahesabika, na fomu inatukinga kweli?

Tabibu_Tandahimba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Naomba tulijadili hili kabla msimu wa korosho haujashika kasi, maana kuanzia Oktoba ndugu wengi wako mashambani au kwenye minada na simu zao hazipatikani.

Hali yenyewe mnaijua. Mama wa miaka 24, mimba ya pili, uchungu umekwama, mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Ana akili timamu, ameelezwa, amekubali upasuaji. Mume yuko Dar es Salaam. Mama yake mzazi anasema hakuna kisu mpaka mjomba afike kutoka Kitangari, na kwetu huku mjomba si mtu wa pembeni, ndiye mwenye ukoo. Muuguzi naye anaogopa kumwingiza chumba cha upasuaji kwa sababu fomu ya ridhaa ina mstari wa "ndugu wa karibu" na mstari huo uko wazi.

Nauliza: kisheria anayeridhia ni nani hapo? Fomu ikishasainiwa, ndugu wanaweza bado kushtaki? Na mstari kati ya tatizo lililotokea lenyewe na uzembe wetu unapita wapi? Nahitaji maelezo ya kutumia zamu ya usiku, si ya darasani.

---

Mwanasheria_Shangani

Marahaba. Nianze na jibu fupi kwa anayesoma akiwa zamu: saini ni ya mama mwenyewe. Ana zaidi ya miaka 18, anaelewa anachoambiwa, basi. Mume, mama mzazi wala mjomba hana mamlaka ya kisheria ya kukubali au kukataa kwa niaba yake. Mstari wa ndugu kwenye fomu unafaa kwa shahidi, au kwa mgonjwa asiyeweza kuamua. Ukiwa wazi, ridhaa ya mama haipungui hata chembe.

Sasa angalia hatari iko wapi. Wengi wanadhani kumsubiri mjomba ndiyo njia salama. Ni kinyume chake. Mgonjwa amekubali, mtoto anachoka, chumba kipo, mpasuaji yupo, na nyinyi mmekaa saa mbili mkisubiri mtu asiye na mamlaka. Mtoto akizaliwa amekosa hewa, saa hizo mbili ndizo zitakazoulizwa mahakamani, na "tulikuwa tunamsubiri mjomba" si utetezi.

Kumpasua mtu mzima aliyekataa ni kosa la aina nyingine. Hilo ni shambulio, hata kama upasuaji umefanikiwa na mshono umepona vizuri. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa tiba, hata kama uamuzi wake unaonekana kwako wa hatari, mfano anayekataa damu kwa imani yake. Kazi yako ni kuhakikisha ameelewa matokeo, kuandika, kumpa njia mbadala iliyopo, na kumrudia baadaye kumuuliza tena. Kukataa saa 4 hakumaanishi amekataa saa 6.

Uwezo wa kuamua unapimwa kwa mambo manne: anaelewa ulichomwambia, anakikumbuka kwa muda wa kutosha kuamua, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kukueleza uamuzi wake kwa njia yoyote. Uchungu wa uzazi peke yake haumwondolei mtu uwezo huo. Mama aliyetoka kwenye degedege la kifafa cha mimba na bado amechanganyikiwa, huyo hana uwezo kwa wakati ule. Hapo sheria inaruhusu kufanya lile la lazima la kuokoa maisha lisiloweza kusubiri, na hilo tu. Ndugu akiwepo muulize mgonjwa mwenyewe angetaka nini, lakini asipokuwepo usikwame. Wahudumu wawili waandike kwenye faili kwa nini imebidi.

Kuhusu fomu. Saini inaonyesha kwamba karatasi ilisainiwa. Haithibitishi kwamba mgonjwa alielezwa, na haimfutii haki ya kudai akiumizwa kwa uzembe. Hakuna anayeridhia kuzembewa. Hata ile sentensi ya "sitadai chochote" iliyochapwa chini ya fomu za zamani isikulaze usingizi.

Uzembe nao una sehemu nne, na mdai anatakiwa azithibitishe zote kwa mizania ya uwezekano, yaani kwamba inaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli: kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba ulishuka chini ya kiwango, kwamba amepata madhara, na kwamba madhara yametokana na kushuka kwako huko. Ya nne ndiyo inayoangusha kesi nyingi. Ipo kesi maarufu ya Uingereza ya miaka ya 1960, Barnett: walinzi watatu walikunywa chai yenye sumu ya aseniki, daktari wa zamu hakuwaona, akawarudisha nyumbani, mmoja akafa. Mahakama ilisema daktari alivunja wajibu wake, lakini madai yakashindwa kwa sababu hata angetibiwa asingepona kwa wakati uliokuwepo. Hapo utaona kifo peke yake si ushahidi wa uzembe. Vilevile, mgonjwa kupona hakukusafishi.

Kiwango chenyewe ni cha mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika nafasi unayoifanyia kazi. Ukitenda kazi ya mpasuaji unapimwa kama mpasuaji, hata kama umeanza juzi. Uchache wa vifaa unazingatiwa, lakini wajibu hauondoki, unahamia kwenye rufaa ya mapema. Tangu kesi ya Bolam ya 1957 daktari alijitetea kwa kuonyesha kwamba wenzake wenye kuaminika wangefanya vilevile, na Bolitho ya 1997 ikaongeza kwamba utaratibu huo uwe na mantiki. Kwenye maelezo kwa mgonjwa, Uingereza ilisogea tena mwaka 2015 katika kesi ya Montgomery. Mama mwenye kisukari hakuambiwa kwamba bega la mtoto linaweza kukwama, hatari ya asilimia 9 hadi 10, kwa sababu daktari aliona akiambiwa angechagua upasuaji. Mtoto akapata ulemavu. Mahakama ikasema mgonjwa aambiwe hatari ambayo mtu aliye katika nafasi yake angeiona ya maana. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila yanasomwa na kushawishi, na mawakili wa wadai wanayajua.

---

Mkunga_Newala

Mwanasheria ameeleza sheria, mimi niongeze namna ya kuifanya wodini, maana hapo ndipo tunapoanguka.

Maelezo ya ridhaa ya dharura yanachukua dakika tatu hadi tano ukijua unachosema. Anayeeleza awe yule atakayepasua au anayeijua kazi hiyo vizuri. Kumwachia mwanafunzi apeleke fomu ni kosa. Mwambie ana tatizo gani, mnataka kufanya nini, faida yake, hatari kubwa zake, njia nyingine iliyopo, na kitakachotokea msipofanya. Kwa Kiswahili cha kawaida inakuwa hivi: "Mama, mtoto amechoka, moyo wake unapiga polepole, na njia haijafunguka zaidi tangu saa 6. Tunashauri tumtoe kwa upasuaji sasa hivi. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni, hutasikia maumivu ila utakuwa macho. Unaweza kutoka damu nyingi ukahitaji kuongezewa, kidonda kinaweza kupata uambukizo, na mimba ijayo utajifungulia hospitali. Tukisubiri, tunaweza kumpoteza mtoto na kizazi kinaweza kupasuka. Sasa niambie wewe ulivyoelewa." Sentensi hiyo ya mwisho usiiruke. Akikujibu "ndiyo" tu, hujapata kitu. Akisema "mtoto amechoka, mnanipasua, naweza kuongezewa damu," umepata ridhaa.

Wazee wetu wengi na hata mabinti wa vijijini wanaeleza ya ndani kwa Kimakonde au Kimakua. Mkalimani awe mtumishi au mtu ambaye mgonjwa amemchagua, asiwe mtoto mdogo, na asiwe yule ndugu anayepinga. Jina lake liandikwe. Asiyejua kusoma asomewe fomu yote, aweke dole gumba, na shahidi asaini. Shahidi asiwe mpasuaji.

Mjomba usimdharau. Akifika, au akipatikana kwa simu, mama akiruhusu, mpe heshima yake: "Shikamoo mjomba, mwanao amekubali tumpasue kuokoa yeye na mtoto, tunaelekea chumbani, tunakuomba uje na mtu wa kuchangia damu." Hapo umemwarifu na umempa kazi ya kufanya, hukumwomba ruhusa. Nimeandika "mama akiruhusu" kwa makusudi, kwa sababu habari za ugonjwa ni za mgonjwa. Majibu ya VVU ndiyo kabisa: ni ya aliyepimwa, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo.

Faili liandikwe papo hapo. Mfano: "02:40. Ameelezwa na Dkt. (jina) haja ya upasuaji kwa uchungu uliokwama na mapigo ya mtoto 96. Ameelezwa ganzi, damu, uambukizo, mimba zijazo, na hatari ya kusubiri. Amerudia kwa maneno yake. Amekubali, amesaini. Mama mzazi anapinga mpaka mjomba afike. Ameelezwa kwamba uamuzi ni wa mgonjwa. 02:52 ameingia chumba cha upasuaji." Tumieni mfumo wa saa 24. Ukiandika "8:40" ukimaanisha saa nane na dakika arobaini usiku, mwingine atasoma 08:40 asubuhi, na kwenye karatasi utaonekana umechelewa saa sita nzima.

Halafu partografu, ile chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo ya mtoto na mikazo kila dakika 30, njia ya uzazi na shinikizo la damu kila saa 4. Partografu iliyojazwa baada ya mama kuzaa inajulikana kwa macho: wino mmoja, mwandiko mmoja usiobadilika, 140, 140, 140 mstari mzima, halafu ghafla mtoto amezaliwa hapumui. Hiyo ni mbaya kuliko nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu sasa si uzembe tu, ni kumbukumbu ya uongo. Na mkianzisha dripu ya oksitosini ya kuongeza uchungu bila kufuatilia mikazo, kizazi kikapasuka, hakuna fomu ya ridhaa duniani itakayowasaidia.

---

Tabibu_Tandahimba

Dada Mkunga, Mwanasheria, ahsanteni sana. Hiyo ya saa nitaibandika wodini leo.

Niongeze la watoto. Likizo ya Juni na Desemba wazee wanaleta watoto wa jando kituoni, kumi au kumi na tano kwa mpigo, na mzee mmoja anataka kusaini kwa wote. Wengine wazazi wao wako mjini, wanalelewa na bibi. Hapo inakuwaje?

---

Daktari_Ndanda_Barabarani

Mzee wa jando hawezi kusainia watoto wa watu, hata akiwa anaheshimika kijiji kizima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na anayeridhia kwa niaba yake ni mzazi au mlezi. Bibi anayemlea mtoto kila siku mwandikeni kama mlezi. Kwa jambo lisilo la dharura kama tohara, mpigieni mzazi, mtumishi wa pili asikilize, kisha andikeni namba iliyopigwa, saa na majina ya wote wawili waliosikia. Fomu moja kwa mtoto mmoja. Mtoto wa miaka 9 naye aulizwe kwa lugha yake. Akilia na kujivuta, ahirisha, hakuna anayekufa kwa kuchelewa jando. Ikiwa ni dharura ya kweli, mtoto kaanguka juu ya mkorosho na bandama imepasuka, mzazi hapatikani, tibu. Kupimwa VVU ni suala la pekee: tangu marekebisho ya 2019 mwenye miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe.

Lakini kwenye jando la makundi kinachonitia hofu zaidi ni kiwango cha huduma, maana hapo ndipo watoto wanapoumia. Kila mtoto apimwe uzito, kwa mizani, si kwa macho. Ganzi ya lidokeini isiyo na adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 45. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, hivyo ni mililita 4.5. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20, hivyo ni mililita 2.25 tu. Ajali inatokea hivi: stoo imeishiwa ya asilimia 1, imeletwa ya asilimia 2, mhudumu anaendelea kuvuta mililita zilezile za jana. Mtoto anapata dozi mara mbili, anaanza kutetemeka midomo, degedege, moyo unasimama. Soma chupa kwa sauti, mwenzako aione, andika asilimia na mililita kwenye faili. Yenye adrenalini haiguswi kabisa sehemu hiyo.

Kabla ya kisu, angalia tundu la mkojo liko wapi. Likiwa chini ya uume badala ya nchani, usimtahiri, ngozi ile itahitajika kumrekebisha. Mpe rufaa hospitali ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), au kwa mtaalamu wa njia ya mkojo. Uliza kama kuna ndugu wa kiume aliyetokwa damu bila kukoma, kwenye jando au kung'olewa jino. Usipouliza, mtoto akatoka damu usiku kucha nyumbani, hutaweza kusema ilikuwa bahati mbaya.

Na watoto kumi na tano kwa siku wanahitaji vifaa seti kumi na tano zilizochemshwa kwa mashine ya mvuke. Seti zikiwa tano, watoto ni watano.

---

Muuguzi_Nachingwea

Naomba niongeze moja ambayo inafanyika kimyakimya: kufunga kizazi wakati wa upasuaji wa kujifungua. Mama ana watoto sita, daktari ameona kovu ni jembamba, mume anasema "mfungeni kabisa". Ridhaa ya upasuaji wa kujifungua haijumuishi kufunga kizazi, na neno la mume halitoshi. Ridhaa hiyo itafutwe kliniki ya wajawazito, akiwa hana uchungu, aelezwe kwamba ni ya kudumu na kwamba zipo njia nyingine kama kijiti na kitanzi.

Mahakama ya juu kabisa ya Namibia iliamua jambo hili mwaka 2014. Wanawake watatu wenye VVU walifungwa kizazi, fomu zao zilisainiwa wakiwa karibu na kujifungua, na maneno yaliyoandikwa yalikuwa kifupisho cha kitaalamu tu, BTL, yaani kufunga mirija yote miwili ya uzazi. Serikali ilishindwa. Kwa hiyo kwenye fomu andikeni "kufunga kizazi moja kwa moja, hataweza kupata mimba tena," kwa maneno kamili.

---

Mwanasheria_Shangani

Muuguzi, umepiga penyewe. Nimalizie swali la Tabibu kuhusu kushtakiwa, maana njia ni zaidi ya moja na zinaweza kwenda pamoja.

Malalamiko yanaweza kuanzia kwa mganga mfawidhi. Yanaweza kwenda kwenye baraza la taaluma: madaktari na matabibu wako chini ya Sheria Na. 11 ya 2017 na Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga chini ya sheria yao ya 2010 na baraza lao. Huko adhabu inaanzia onyo, inapita kusimamishwa, inafika kufutwa kwenye daftari. Jinai ni suala jingine. Kanuni ya Adhabu inamlinda anayepasua kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa faida ya mgonjwa. Inamwadhibu anayetibu kwa uzembe mkubwa unaohatarisha maisha. Kufanya kazi iliyo nje ya leseni yako kunakusogeza upande huo wa pili haraka sana.

Madai ya fidia kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kwa hospitali ya Serikali au ya halmashauri, mdai atatoa kwanza notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, kwetu ni Kanda ya Mtwara. Hospitali za misheni na za binafsi hazina notisi hiyo. Mwajiri kwa kawaida anawajibika kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini, lakini leseni ni yako, mwajiri hawezi kuibeba.

Kwa mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa hesabu ni tofauti: muda hauanzi kumhesabia mpaka afikishe miaka 18. Partografu ya leo inaweza kutakiwa na mtu ambaye sasa hivi ana saa mbili duniani. Mafaili ya uzazi yasikae sakafuni kwenye stoo inayovuja masika.

Madhara yakitokea, mtibuni mgonjwa kwanza. Mwarifuni mfawidhi usiku huohuo. Mtu mmoja mwenye cheo akae na familia, aseme pole, aeleze yaliyotokea kadiri yanavyojulikana, bila kubahatisha na bila kumtupia mwenzake lawama. Pole si kukiri kosa. Faili litolewe nakala na halisi lifungiwe. Kilichosahaulika kiandikwe kama nyongeza, na tarehe na saa ya kuandika nyongeza hiyo, si ya tukio. Kosa la kalamu likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, saini pembeni. Wino wa kufutia usiguse faili la mgonjwa. Picha za kidonda na majadiliano ya tukio yasipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp: taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, na ujumbe wa "jamani leo tumeharibu" unachapishwa na kuwekwa mezani kama kielelezo.

Na ile fomu yenu yenye mstari wa ndugu, Tabibu, peleka hoja kwenye kikao cha kituo ibadilishwe. Paandikwe "shahidi", na juu yake paongezwe nafasi ya mistari minne ya kuandika mgonjwa alivyorudia maelezo kwa maneno yake.